Umefunga, Mama Asila?

Wenzangu mnaopeleka magari kwa fundi huku mmebeba watoto, nisomeni kabla hayajawakuta.

Jumatatu nilipeleka gari letu kwa fundi Uwesu, pale Ng'ambo, aiunganishe alamu na loki za milango, ili ukibonyeza rimoti milango yote minne ijifunge yenyewe. Nilikuwa na mjukuu wangu Ghalibu, miaka miwili na nusu. Uwesu akaunganisha waya wa kufunga, akapungukiwa kifaa cha upande wa kufungua, akaenda kukitafuta dukani. Mimi nikabaki garini na mtoto. Vumbi likavuma, nikapandisha vioo.

Simu ikaita, ni Uwesu. Nikatoka nje nisikie vizuri, nikausukuma mlango nyuma yangu Ghalibu asidondoke. Ufunguo na rimoti nikaviacha kitini. Hilo kosa ni langu, nalisema wazi.

"Shikamoo, Mama Asila. Umefunga?"

"Marahaba. Nimefunga, alhamdulillah." Jumatatu huwa nafunga sunna, mtaa mzima unajua.

"Ah! Nilisahau kukwambia usifunge! Fungua, mama, fungua sasa hivi!"

"Nifungue saa saba mchana? Kwani naumwa?"

"Itakuletea shida hiyo!"

"We Uwesu, swaumu yangu inakuwasha nini?" Nikamkatia simu.

Mara nyuma yangu, kacha! Vijiti vya loki vimezama vyote. Ghalibu kashika rimoti, ananichekea. Nikamwonyesha abonyeze tena. Akabonyeza, alamu ikalia wiu-wiu, naye akaanza kucheza. Milango kimya.

Ndipo nikaelewa fundi alikuwa anaulizia kufunga kupi.

Jua linawaka, vioo viko juu, jasho linamtiririka mtoto usoni. Nikaokota jiwe. Sikuzani, muuza mihogo wa hapo jirani, akanidaka mkono.

"Vigae vitamrukia machoni! Mwite kwanza."

"Ghalibu, baba, vuta hicho kijiti! Vuta juu!"

Akavuta soksi yake, akanionyesha.

"Shoga, leo mumeo kakufungia nje!" Sikuzani akacheka hadi khanga ikamvuka. Lakini mkono wake haukulala: akachota asali anayouza pamoja na mihogo, akaipaka kwenye kioo, usawa wa loki. Ghalibu akasogea, akalamba kioo upande wa ndani. Hakuna utamu. Akalamba tena. Akakasirika, akakamata kilichokuwa karibu na mkono wake, kile kijiti, akakivuta kwa nguvu zake zote.

Kikapanda! Nikafungua mlango, nikamkumbatia, tukalowana jasho wote wawili.

Uwesu akafika anahema, kifaa mkononi. "Mama, mimi si nilisema..."

"Nyamaza, unganisha."

Ghalibu naye akaanza kulia, anataka arudi ndani akacheze alamu. Nikamfunga mgongoni kwa khanga, mafundo mawili.

Basi jamani, mwambieni fundi aanze na waya wa kufungua. Na ufunguo ukae mkononi mwako, hata kama unatoka hatua moja tu.