Deraya ya Makopo

Mwaka sabini na saba kila mtu Koboko alikuwa akitafuta sukari. Kamisi alikuwa akitafuta kichujio cha chai, tena nyumbani kwake mwenyewe, ili akikate kwa mkasi. Kwani kichujio kingechuja nini, majani yenyewe yalikwisha tangu Ramadhani.

Zamani alikuwa fundi wa bati na rangi wa magari ya jeshi, mpaka siku jeki ilipochoka na gari likamkalia mguu. Jeshi likampa pole na likamwonyesha mlango. Akarudi Koboko na mkewe, jina lake Afisa, naye Afisa homa ikamchukua, akabaki Kamisi na vyombo.

Sasa hata vyombo vilikuwa vinaondoka kimoja kimoja, vinaenda vitani. Kila Jumamosi Kamisi alipanda lori hadi Arua kwa Anicet, fundi cherehani kutoka Kongo, na hapo juu ya meza ya kukatia vitambaa waliweka sanduku la mchanga wakapigana. Walirusha dadu, gari likasogea shibiri kadhaa, springi ya kalamu ikafyatua punje ya mtama, na gari lililopigwa likalala chali. Sheria kali ilikuwa moja tu: gari huundwa kwa vitu vya nyumbani kwako, si vya kununua wala kuazima.

Kwa Anicet sheria hiyo haikuwa na uchungu. Alikuwa na mke, Marcelline, na watoto wa kujaza lori, kwa hiyo kila siku kitu kilivunjika. Vifaru vyake vilitembea juu ya mikanda ya saa mbovu na vilikuwa na macho ya vifungo. Nyumba ya Kamisi haikuvunja kitu. Alivunja mwenyewe. Kitana cha Afisa kilishakuwa ngazi ya lori, na bangili yake ilikuwa usukani wa kitu ambacho hata Kamisi hakukumbuka ni nini.

Lakini deraya hii mpya ilimtoa jasho. Mwili ulikuwa kopo la sadini, magurudumu vifuniko vya soda vilivyovishwa mpira wa ndara, na kichujio kikawa wavu wa mbele. Mzinga ulikuwa kijiti cha shaba ambacho Afisa alipakia wanja. Kamisi alikizungusha vidoleni asubuhi nzima kabla hajakichomelea. Kisha akapaka kijani, na mkono wake, uliokwisha kupaka magari mengi kama hayo, ukaenda wenyewe ubavuni ukachora mshale mwekundu ndani ya duara. Hiyo ilikuwa alama ya kikosi chake, yenyewe hasa. Akaitazama akafurahi kama mjinga.

Jumamosi ile deraya ilishinda vita mara mbili. Anicet akatukana kwa lugha tatu, kisha akaiweka kwenye rafu ya dirishani ili wateja waone.

Jumamosi iliyofuata Kamisi alifika akachechemea hadi mlangoni.

"Jenerali wa vifungo!" aliita. "Toka, nikuchape."

Anicet hakujibu tusi. Alimvuta ndani kwa mkono, akatoa deraya chini ya rundo la vitambaa.

"Juzi askari mumoja alileta suruali nipunguze," alisema polepole. "Akaona hii kintu. Akaniuliza, we mutu ya Kongo, hii alama nani amekuonyesha?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikasema ni ya kuchezea. Akacheka, akaenda."

"Si basi! Mtu amecheka, taabu iko wapi?"

"Kamisi, alicheka peke yake. Mutu ya Kongo na alama ya jeshi, wataniita jasusi. Na suruali yake iko hapa mpaka leo."

Kamisi akaangalia. Kweli, suruali ilikuwa imekunjwa vizuri kando ya cherehani, na hakuna aliyetaka kuigusa.

"Mimi natoa alama," alisema. "Ngoja tu."

Akachukua wembe wa kufumulia nyuzi, akakwangua mshale, akakwangua duara, mpaka bati likang'aa na jina la kiwanda cha sadini likachungulia. "Haya. Sasa iko gari ya raia."

"Raia gani anatembea na mzinga?"

Kamisi aliugusa mzinga kwa kidole. Marafiki wengine alikuwa nao, lakini walikuwa wa kusalimiana tu barabarani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumngoja. Akaomba koleo. Kijiti cha wanja kilikatika kwa mlio mdogo sana, akakitia mfukoni haraka.

"Lori ya mihogo," alitangaza. "Natoka Manibe, napeleka sokoni Inde. Tupa dadu."

Wakacheza. Anicet alisogeza kifaru chake, nacho sasa kikiitwa lori, Kamisi akasogeza lake, wakapishana katikati ya mchanga kama watu wawili waliokutana njiani kwenda msibani.

"Umefika Inde," alisema Anicet. "Vizuri sana, mzee Kamisi."

Mzee! Miaka yote ile Kamisi alikuwa punda, alikuwa bakuli bovu, alikuwa sajenti wa makopo. Hata siku moja hakuwa mzee.

Kivuli kikaanguka mlangoni. Anicet alirusha kitambaa juu ya sanduku kwa kasi hata dadu ikaruka chini ya meza. Alikuwa Drateru tu, jirani, amekuja kupimwa gauni la gomesi la harusi, na alicheka na kulalamika kuwa tepu ya Anicet inanenepesha watu. Anicet alipima kiuno chake mara mbili, na mara zote mbili akasahau kuandika. Kamisi akaona.

Drateru alipoondoka, kitambaa kilibaki palepale. Wakaongea habari za mvua.

"Mimi Jumamosi ijayo sitakuja," Kamisi alisema mwishowe. "Na ile nyingine. Nalima."

Anicet alimtazama. Alijua vizuri kwamba Kamisi hana shamba hata la kufukia mbegu ya papai. Kamisi naye alijua kwamba anajua. Ilikuwa zamu ya mmoja wao kusema: upuuzi, acha upuuzi, kaa tucheze.

"Lima vizuri," alisema Anicet, akainama kutafuta dadu.

Marcelline akaleta chai isiyo na sukari. "Shemeji unatuacha? Unalima nini?"

Kamisi alifikiri. Anicet alikuwa bado chini ya meza, na alikawia huko kuliko dadu ilivyohitaji.

"Karanga," alisema Kamisi, akaanza kutafuta viatu vyake.