Pindo la Kikwembe cha Mama Élisabeth

Kila asubuhi Mama Élisabeth alikamua pindo la kikwembe alichojifunga kiunoni ndani ya beseni kabla ya kuwasha makaa. Mvua haikuwa imenyesha, na hema lake katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga lilikuwa kavu, lakini kikwembe kilikuwa kimelowa hadi magotini. Mara nyingine alikuta sambaza, samaki mdogo wa ziwani, kwenye mkunjo. Alimtia chumvi, akamweka pamoja na wengine.

Jumapili moja alikwenda kutembelea kijiji chao kando ya ziwa, mbele ya mji wa Sake, pamoja na binti yake Mimi, aliyembeba mwanawe Émile mgongoni. Kijijini kwao mtoto hakanyagi ardhi kabla nyanya yake, au mama mwingine wa kijiji, hajamchovya miguu ziwani, pale penye mchanga mweusi ambapo wanawake walikuwa wakifulia. Émile alizaliwa kambini. Alikuwa amechelewa sana, na njia nzima alimpiga mama yake mateke akitaka kushushwa.

Penye mchanga walikuta ukuta wa mawe ya volkano na lango la bluu. Watu walipokimbia vita, tajiri mmoja alijipatia karatasi za ufuko na viwanja vyao, akajenga hoteli. Langoni alisimama Bahizire, mtoto wa jirani yao wa zamani, na kofia ya mlinzi kichwani.

"Karibu, Mama," alisema. "Lakini huku wanaingia wageni wa hoteli tu."

"Bahizire, miguu yako niliichovya mimi. Ukanikojolea."

"Najua, Mama. Lakini niko na patroni, na bibi yangu ana mimba."

Mama Élisabeth aliketi juu ya jiwe, akangoja. Patroni, mwenye hoteli, alikuwa bado misani, na mwishowe Bahizire alifungua lango nusu.

Ndani, wageni kutoka mtaa wa Kyeshero, mjini, walikuwa wakiogelea. Walitoka majini wakiwa wakavu, wakavaa viatu vyao na kuagiza bia. Mama Élisabeth alichovya miguu ya Émile, akaitazama, akaichovya tena. Vumbi la safari lilikuwa bado liko.

Bahizire alieleza kwamba imekuwa hivyo tangu ukuta ulipomalizika. Wageni walipapenda, kwa sababu simu haziharibiki, na hoteli haikuwa na taulo za kufua. Ulowevu wenyewe ulikwenda wapi, hakujua.

Mama Élisabeth aliangalia pindo lake, lililokuwa likidondosha maji mchangani, akamwambia Mimi warudi.

Kambini alikamua kikwembe ndani ya beseni. Chini kulibaki mchanga mweusi kidogo. Alichovya miguu ya Émile, ikalowa. Mtoto akashushwa, akasimama, kisha akakaa. Tangu siku hiyo wamama wa kijiji waliokuwa kambini walipanga mstari mbele ya hema na watoto wao.

Hoteli ikaandika langoni kwa rangi nyeupe: OGA BILA KULOWA. Wageni wakaongezeka, na ukuta ukaongezwa urefu.

Bahizire alikuja Mugunga siku yake ya mapumziko, na mkewe na binti yao mchanga. Walipanga mstari kama wengine. Mama Élisabeth alimuuliza kama lango bado linafungwa.

"Linafungwa, Mama. Ufunguo niko nao hapa."

Akaugusa mfuko wake. Mama Élisabeth akakamua kikwembe, akachovya miguu ya mtoto. Mtoto akalia, maana maji yalikuwa baridi. Bahizire alimfunga vizuri mgongoni mwa mama yake, akaenda kutafuta pikipiki. Zamu yake ilikuwa inaanza alfajiri.