Gari Lililopanda kwa Maelezo

Jumamosi saa nne asubuhi, mkunga na mumewe, mpima ardhi, walifika nyumbani kwa daktari wa meno kutazama gari lililotangazwa kuuzwa. Lilikuwa la Kimarekani, la mwaka 1958, rangi ya krimu na bluu, lenye mapezi nyuma kama samaki mwenye makuu. Tangazo lilisema limefufuliwa kwa mikono ya mwenyewe.

Mikono ya mwenyewe ilikuwa laini na ilinukia sabuni. Dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Spana, alisimama kando ya ukuta wa ua akifuta grisi kwenye viwiko.

"Injini niliishusha mimi," daktari alianza. "Silinda zote nane."

Gari likainuka kutoka ardhini kiasi cha shibiri moja, likatulia.

Mpima ardhi alitoa pimamaji mfukoni, akaiweka juu ya boneti, akafumba jicho moja.

"Limekaa sawasawa," alisema. "Halijaelemea upande wowote."

"Baba watoto, liko hewani."

"Nimeona. Lakini liko sawa."

Mkunga alivua viatu, akapanda, akashika usukani kwa mikono miwili. Siti zilikuwa nyekundu, na mshono wake ulinyooka kama mstari wa rula.

"Na siti hizi, daktari, nani alizishona?"

"Mimi. Sindano kwa sindano."

Shibiri nyingine. Mkunga alicheka hadi miwani ikamteleza puani. Aliuliza kuhusu rangi. Mimi, akajibiwa, mapigo saba. Aliuliza kuhusu kabureta, vioo, taa na kitasa cha buti. Mimi, mimi, mimi, na hicho kitasa nusura kinitoe roho. Gari lilipofika usawa wa dirisha la ghorofani, jirani aliyekuwa akianika shuka alisogeza kamba ili mapezi yapite, kisha akamwomba mkunga amshikie vibanio.

"Panda, baba watoto!" mkunga aliita. "Panda kabla daktari hajaishiwa maneno!"

Mpima ardhi aliegemeza ngazi, akapanda, akafunga mlango kwa adabu. Kutoka juu aliona mapaa ya mtaa mzima, akatamka kwa furaha kwamba ramani ya manispaa ilikosea uzio wa watu watatu.

Hapo Bi Spana aliweka kitambaa chini.

"Kaka, kabureta ya gari hili ina skrubu ngapi?"

"Za kutosha," alisema daktari.

Gari halikusogea, kwa kuwa jibu hilo halikuwa uongo.

"Zipo kumi na moja, na nilizifungua mimi. Siti nilishona mimi. Rangi nilipiga mimi. Kwa miaka minne, kaka, wewe uliingia gereji mara moja tu, kutafuta mwavuli."

Kwa kila sentensi gari lilishuka, polepole, mpaka matairi yakagusa kokoto. Mpima ardhi alitazama pimamaji yake na kuthibitisha kwamba bado liko sawa.

"Dada, mbele ya wageni?" daktari alinong'ona.

"Wageni ndio wanaojaza fomu."

Fomu ya bima ya magari ya kale ilikuwa na mstari mmoja ulioulizia jina la fundi aliyelifufua gari. Aliyeandikwa hapo aliingizwa kwenye orodha ya mafundi wanaotambuliwa, na wenye magari ya aina hiyo walielekezwa kwake. Bi Spana alikuwa amefufua magari mawili kabla ya hili. Yote mawili yaliandikwa jina la kaka yake. Sasa alikuwa amepata chumba cha kufungua gereji yake mwenyewe, na mwenye jengo alitaka kitu kimoja tu: alione jina la Bi Spana kwenye orodha ifikapo mwisho wa mwezi.

Mkunga aliitandaza fomu juu ya usukani. Alimtazama Bi Spana, akatazama viwiko vyake.

"Nakuamini, mdogo wangu. Kwa kweli nakuamini."

"Basi andika, dada."

"Nikiandika jina lako, litapanda tena?"

Bi Spana hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Litakwenda," alisema. "Vizuri sana. Barabarani."

Mkunga aliifikiria barabara: mashimo yake, foleni yake, vumbi lake. Kwa miaka thelathini alikuwa ameandika majina ya akina mama kwenye kadi za watoto, na hata siku moja hakuwahi kuandika badala yake jina la mwanamume aliyekuwa akisubiri kwenye benchi la nje. Alifungua kalamu. Akaandika jina la daktari wa meno, kwa mwandiko mzuri wa kuunganisha herufi, na wino haujakauka gari lilikuwa limeshafika kwenye vigae vya paa.

"Ooooh!" alipiga kelele. "Baba watoto, shikilia kofia!"

Mpima ardhi alishikilia kofia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu alipopandishwa cheo.

Tone moja la oili lilidondoka uani. Bi Spana aliliangalia, akachukua spana namba kumi na nne, akapanda ngazi mpaka chini ya gari na kukaza nati iliyokuwa ikivuja. Aliikaza mara mbili, akaigonga kuisikiliza, akaridhika. Kwa kazi kama hiyo angehitaji jeki na kulala chali. Leo haikuwa lazima.

"Sasa halivuji," alisema.

Mkunga alichungulia dirishani, uso umejaa upepo na shukrani za kweli.

"Ahsante sana, fundi!"

Bi Spana alifungua mdomo kuitikia.

"Karibuni tena!" daktari wa meno alijibu kutoka chini, akipunga mkono wake laini. "Hiyo ndiyo kazi yangu!"

Gari likapanda shibiri nyingine, likapita juu ya nyaya za umeme, likapiga honi.