Punje Chini ya Gego

Pale mashineni Rujewa, Mzee Mihayo alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyethubutu kumwingilia. Mkulima akileta mpunga wa kukoboa, Mihayo huchukua punje moja, huimenya kwa kucha, huiweka chini ya gego la kulia na kuibana taratibu. Ikikatika kwa mlio mkavu, mpunga unapanda mashineni. Ikibonyea, unarudi kwenye turubai kuanikwa tena. Miaka ishirini na mitatu gego lile halikuwahi kumdanganya, naye alijivunia jino lake kama Wasukuma wenzake wa Usangu wanavyojivunia ng'ombe.

Msimu huu punje zikaanza kubonyea. Mpunga wa Vitus ulikuwa umekaa juani siku tatu, lakini Mihayo alipoubana aliona bado mbichi, akaurudisha. Vitus akauanika siku mbili zaidi, na ulipokobolewa ukatoka chenga tupu, chakula cha vifaranga. Mpunga ukikauka kupita kiasi hupasuka ndani kwa ndani, mashine ikamalizia. Vitus, ambaye wametaniana tangu ujana, aliuchota ule mchele kwa kiganja akamuuliza kama siku hizi anapima kwa jino au kwa ulimi. Watu wakacheka. Mihayo naye akacheka, midomo ameifumba.

Aliifumba kwa sababu ya damu. Tangu Kwaresma mswaki wake ulikuwa ukitoka mwekundu. Fizi zilivimba zikawa na rangi ya maini, na kinywa kilitoa harufu mpaka akazoea kuongea na watu akitazama pembeni. Akaacha kabisa kupiga mswaki upande wa kulia, akidhani anaupumzisha. Upande ule ndio ukazidi kuoza. Asubuhi akikuta doa kwenye foronya, aligeuza mto kabla mkewe Leokadia hajatandika kitanda.

Wala si jino lililomtia hofu. Kaka yake, Gideon, alianza hivyo hivyo. Meno yalimlegea moja baada ya jingine, akayang'oa kwa vidole na kuyarusha juu ya bati kwa mzaha, kama mtoto. Akawa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Kikaja kidonda kwenye kidole cha mguu, kisichopona. Ukaondoka mguu, halafu akaondoka Gideon mwenyewe. Sasa Mihayo naye alikuwa na dumu la maji kando ya kitanda.

Siku moja Leokadia aliuweka ule mto mapajani mwa mumewe, upande wenye damu ukiwa juu. Hakugomba.

"Baba Eveline," alisema, "Gideon naye alikuwa anageuza mto."

Alhamisi iliyofuata Mihayo alikwenda Mbeya mjini. Njia nzima alijiambia ataomba kung'olewa jino tu, basi, arudi. Daktari wa meno alikuwa binti wa Kinyakyusa aitwaye Ikupa. Alimwamkia, akamlaza kwenye kiti, akaligusa gego kwa ncha ya chuma. Likaenda kushoto, likarudi kulia. Mihayo akaelewa. Kumbe mpunga wa Vitus ulikuwa mkavu. Kilichobonyea ni jino lake.

Ikupa akamuuliza kama anasikia kiu sana. Alikana. Akamuuliza kama anaamka mara nyingi kwenda haja ndogo. Hapo maneno yakamtoka mengi, mengine hata hakuyasikia.

"Baba, sukari ikipanda, fizi zinaharibika upesi. Na fizi zikiharibika, sukari nayo inagoma kushuka. Nikikutibu mdomo peke yake nitakuwa nimekudanganya."

Akamtoboa kidole. Mihayo hakutazama kile kipimo, alitazama viatu vyake. Akasikia kumi na saba, zaidi ya mara mbili ya kawaida.

"Mguu wangu?" aliuliza.

"Miguu yako mizima, nimeona ulivyotembea kuingia. Gideon wako alichelewa. Wewe jino limekuleta mapema."

Hakukumbuka ni saa ngapi alikuwa amemtajia Gideon.

Walimsafisha fizi kwa awamu tatu, wakamwanzishia vidonge, wakamfundisha kupiga mswaki upya, mzee wa miaka sitini na minne. Kuhusu gego Ikupa hakumwahidi kitu. Huenda likashika, huenda lisishike.

Mwezi uliofuata Vitus alileta mpunga mwingine. Mihayo akamenya punje, akaifikisha mdomoni, akaishusha. Watu walikuwa wanatazama.

"Ule wa kwanza ulikuwa mkavu," alisema. "Jino langu ndilo lililocheza. Huu ubane mwenyewe."

Vitus hakutania. Akabana, ikakatika, magunia yakapandishwa. Mihayo akasimama kando ya mashine akisikiliza mchele unavyoshuka, ulimi ameugandamiza kwenye gego. Na ndani ya kiatu alikuwa anavichezesha vidole vya mguu, kimoja kimoja, kuhakikisha kwamba bado anavisikia vyote.