Chupa ya Pili

Mimi ni mpimaji wa damu, na sitajifanya mnyenyekevu: mkono wangu ni mwepesi. "Kwa mkono huu damu haiharibiki," nilizoea kumtambia kaka yangu, fundi seremala. Naye hakosi jibu: "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Saratani ya mapafu ilipomkamata, nilimtoa damu mwenyewe. Maabara yetu hupima viashiria vinavyosaidia kukisia mgonjwa gani ana miaka mbele yake na yupi ana miezi. Kaka alitaka kujua jambo moja tu. Harusi ya binti yake ilikuwa imepangwa mwisho wa mwaka.

"Mdogo wangu, niambie kama nitafika. Kama sifiki, tuiharakishe."

Majibu yakatoka mabaya: kiashiria kikuu kilikuwa juu mno. Lakini chembe za damu zikipasuka chupani, kiashiria hicho hupanda bure, na majimaji yanayojitenga juu ya damu huwa mekundu. Nikaikimbilia chupa yake, nikaiinua dirishani, nikiomba wekundu. Majimaji yalikuwa ya njano, safi kabisa. Siku hiyo niliichukia kazi yangu nzuri.

Kesho yake nikaenda karakanani kwake na sindano mkobani. Nilimkuta ameketi juu ya mbao, randa mapajani, akitafuta pumzi.

"Kaka, naomba damu nyingine. Ile iliharibika."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Iliharibika? Mkononi mwako wewe?"

Nikafungua mkoba, nikatoa sindano. Majivuno yangu ya miaka yote yalikuwa yamenisemea ukweli.

Akafuta midomo, akampigia simu mkewe. "Mama watoto, zungumza na wakwe. Harusi iwe mwezi huu." Akasikiliza kidogo. "Hapana, sijazidiwa. Miguu inaniwasha, nataka kucheza."

Kisha akakunja mkono wa shati. "Haya, toa. Hata mimi natamani ile ya kwanza iwe imekosea."

Machozi yalinijaa, mshipa siuoni vizuri. Nikavuta damu kwa pupa kama mwanafunzi. Kule maabara, chupa ilipotoka kwenye mashine ya kuzungushia damu, majimaji ya juu yalikuwa mekundu. Ndiyo damu ya kwanza kuharibika mkononi mwangu.

Sikuomba ya tatu. Nilikwenda kushonesha nguo ya harusi.