Koti la Mashine

Feni ya mashine ya kaka yake ndiyo iliyomshtua kwanza. Watu wote katika ukumbi wa gemu walikuwa wameikodolea macho skrini kubwa ya ukutani, wakimtazama askari wa kike akikimbia juu ya daraja linalobomoka. Yeye, dada mtu, aliyeketi kwenye kigoda nyuma ya kaka yake, alikuwa anasikiliza. Ule mvumo mwembamba aliouzoea nyumbani ulikuwa umepanda hadi ukawa mluzi. Cherehani yake hulia hivyo uzi unapojisokota ndani, kabla haijagoma.

Akajisogeza mbele kidogo tu. Kusema mbele za watu kulimshinda. Hata wateja wake wa nguo aliwajibu kwa kutikisa kichwa, pini zikiwa mdomoni, na pini hizo zilimfaa sana.

Kaka yake alikuwa ameshika kompyuta ndogo ya kuchezea gemu, kompyuta nzima iliyobanwa mpaka ikaenea kwenye viganja viwili, skrini katikati na vitufe pembeni. Waya mmoja uliipeleka picha ukutani. Gemu lenyewe lilikuwa limetoka juzijuzi, zito kiasi kwamba hata kompyuta za mezani huhema zikilibeba. Ndiyo maana mwenye ukumbi alitaka kujionea. Alikuwa mtu mnene asiyeachia rimoti ya kiyoyozi, hata wateja wakambandika jina Rimoti. Alipanga kuleta mashine ndogo kama hiyo, na alihitaji mtu wa kuwafundisha wateja.

"Ukilivuka daraja bila mashine kuzimika, kesho unaanza kazi," alikuwa amemwambia kaka. "Ikizimika, tusisumbuane."

Kaka hakuwa na kazi tangu ghala alilopakia mizigo lifungwe. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga pasi shati lake mwenyewe, jambo ambalo nyumbani halijawahi kuonekana.

"Bwana, mbona mashine yako imevaa sweta?" mteja mmoja alikuwa amemchokoza mwanzoni.

"Acha wivu. Hili ni koti, na kalishona mdogo wangu huyu hapa. Wewe hilo shati ulishonewa na nani, adui yako?"

Watu walicheka, naye dada mtu akainamisha uso, mashavu yakimuwaka kwa haya na kwa furaha.

Alilishona koti hilo kwa sababu viganja vya kaka hutoka jasho na mashine ilikuwa ikimteleza. Alitumia kitambaa kizito, akaweka sponji ndani, akakata madirisha ya skrini na vitufe. Mgongoni mwa mashine aliona safu za vitundu, na juu yake vingine. Akawaza vumbi. Cherehani hufunikwa ili vumbi lisiingie, basi na hii vilevile. Akaviziba vyote, halafu akafunga mshono wa mwisho kwa mkono, mara mbili, ili koti lisivuke.

Sasa mluzi ukazidi, naye akaelewa. Vile vitundu vilikuwa pua.

Askari ukutani akajikwaa hewani. Picha ikasimama, ikaruka, ikaendelea.

"Inakata roho hiyo!"

"Ileteeni barafu!"

Rimoti akasogea, rimoti imekumbatiwa kifuani. Kwenye pembe ya skrini ikaanza kuwaka alama ndogo nyekundu. Kaka alikuwa akinyanyua kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyeshika kikombe cha chai ya moto na hana pa kukiweka.

"Kaka," akanong'ona, "ni koti."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu tulipoanza. Nyumbani nilikuwa nacheza vigemu vyepesi. Tulia, mdogo wangu."

Hakuweza kuacha, pale darajani ukisimama umekwisha. Lakini dada mtu alimjua. Hata kama angepata nafasi, asingelilaumu koti mbele ya watu aliojisifia nalo. Afadhali aungue.

Akafungua mkoba, akatoa mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi. Akasimama. "Naomba kupita," alisema, lakini hakuna aliyemsikia. Mgongo wa Rimoti ulikuwa umeziba njia yote.

"Sogeeni!"

Sauti ilimtoka kubwa hata Rimoti akaruka pembeni. Yeye mwenyewe alishtuka, lakini miguu ilikuwa tayari inakwenda. Akapiga magoti mbele ya kaka, chini ya mikono yake.

"Usiache kucheza. Nalikata."

"Jamani, mashine inavuliwa hadharani!" mtu akapiga kelele.

Akapenyeza ncha ya mkasi kati ya kitambaa na kidole. Mshono ulikuwa mgumu, umekazwa vizuri, na kwa mara ya kwanza maishani alijilaani kwa kazi nzuri.

"Nyanyua kidole gumba."

"Siwezi, naruka!"

"Ukisharuka."

"Bado... bado... sasa!"

Akakata. Uzi wa kwanza ukaachia, wa pili ukang'ang'ania. Juu yake watu walipiga yowe, picha imeganda tena. Hakugeuka kutazama. Akakata tena, akalivuta koti kutoka chini ya vidole vya kaka kama anayechuna ngozi, na upepo wa moto ukampiga kifundo cha mkono.

Mashine ilihema. Mluzi ukashuka, ukawa mvumo. Askari akajikwaa mara moja tu, kisha akakimbia bila kukatika, na mbao za mwisho zilipoporomoka nyuma yake alikuwa ng'ambo.

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo.

"Njoo kesho asubuhi," Rimoti alisema, akijipepea kwa rimoti. "Koti libaki nyumbani."

"Litarudi," kaka alisema, akipuliza vidole vyekundu. "Likiwa na mgongo wazi."

Watu walipotawanyika alimpa mdogo wake mashine ashike, achomoe waya. Nyumbani kila mara alimwuliza, "Hutaki kujaribu?" Naye kila mara alijibu kwamba ana nguo za watu, kisha akashona huku jicho moja likiwa begani kwa kaka, akiruka moyoni kila kikaragosi wa gemu aliporuka.

Kaka akanyoosha mkono kuichukua mashine. Yeye hakuiachia.

"Vipi?"

Ilikuwa bado na joto, nzito kuliko alivyodhani. Siku nyingine angekohoa, angetabasamu, angetikisa kichwa. Leo hakuwa na pini mdomoni.

"Nami nataka kucheza, kaka," alisema. "Nilitaka tangu siku ulipoileta nyumbani."