Picha Nyeusi Studio kwa Gashe Demissew

Asubuhi hiyo Asnakech alikuwa kwenye kibanda chake chini ya ngazi, anasugua meno ya memori ya kompyuta kwa kifutio cha shule. Unasugua taratibu, unapuliza, unasugua tena, mpaka ile dhahabu inarudi kung'aa. Kazi yenyewe haina haraka, na ndiyo maana anaipenda. Mikono ikiwa na shughuli, kichwa hakimkumbuki Gashe Demissew. Au kinamkumbuka kidogo tu.

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Etiye Fantaye, shangazi wa mtaa kwa heshima ya umri wake, kajitanda shuka jeusi la matanga, kaukumbatia mfuko wa plastiki kifuani utadhani kabeba mtoto mchanga.

Asnakech akarudisha macho kwenye kifutio.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo."

"Hata kiti hunipi?"

"Kiti ni kimoja, Etiye. Na nimekikalia."

Si kwamba Asnakech ni mtu wa jeuri. Ni mtu wa aibu mno, mbele ya watu watatu tu sauti yake inakwenda kujificha. Lakini huyu Fantaye ndiye aliyesema kwenye kikao cha kahawa, miezi kumi iliyopita, kwamba yule binti wa Tsehay akipita kwako funga droo. Na neno hilo yeye hakulitunga. Alilisikia kwa Gashe Demissew mwenyewe, mwenye studio ya harusi ambako Asnakech alifanya kazi miaka mitatu. Gashe, kama wanaume wazima wanavyoitwa kwa heshima, alisimama mlangoni kwake siku ya Mikaeli, ile ya kila mwezi, watu wanatoka kanisani na nguo zao nyeupe, akatangaza kwamba kadi ya kompyuta yake, ile inayonasa video kutoka kwenye kanda, imeibwa. Nzima imetolewa, mbovu imewekwa. Na mikono inayoshika lile boksi la kompyuta ni ya mtu mmoja tu.

Akamfukuza palepale. Hakumwachia hata dakika ya kulifungua boksi atazame.

Tangu siku hiyo Tsehay, mama yake Asnakech, akawa anakunywa kahawa peke yake. Anachoma, anatwanga, anachemsha, anamimina vikombe sita kwa mazoea, halafu vitano anavirudisha birikani. Katika mji huu wa Dessie ukimkuta mtu anakunywa kahawa peke yake, ujue amefiwa na mtaa mzima.

"Jumamosi ni arobaini ya marehemu mume wangu," Fantaye akasema. "Picha yake akiwa anacheka sina. Hata moja. Ipo humu tu, kanda ya harusi yetu. Deki ya kuchezea kanda iko kwa Demissew peke yake, na mashine yake inatoa picha nyeusi."

"Si aliibiwa kadi. Anunue nyingine."

"Amenunua. Kaifuata Addis mwenyewe. Nayo nyeusi."

Kifutio kikasimama.

"Nayo nyeusi?"

"Nyeusi ti."

Asnakech akataka kucheka. Kwa hiyo yeye Asnakech ameiba mpaka ile ya dukani Addis!

"Yeye ndiye amekutuma?"

"Yule? Bora afe. Kasema tu, yule msichana alikuwa anaijua hii mashine, halafu akatazama ukuta."

Asnakech akaiweka memori mezani. Maneno yalikuwa tayari. Alikuwa ameyapanga usiku mwingi sana, akageuza huku na huku, akabakiza machache.

"Leo Mikaeli tena. Kahawa ya kikundi cha wanawake iko kwa nani?"

"Kwangu."

"Ihamishie studio. Waje wote, wale wale. Na mama yangu akae karibu na jiko."

Fantaye akamtazama sana. "Una roho mbaya, binti."

"Ninayo. Nimeilea miezi kumi."

*

Saa tisa alasiri studio ilikuwa imejaa wanawake na moshi wa ubani. Majani mabichi yametandazwa sakafuni, chini ya lile pazia lenye picha ya maporomoko ya maji ambapo maharusi wote wa mji huu wamepigwa picha. Mama yake alikaa karibu na jiko, mgongo umenyooka, hamtazami mtu.

"Aa, fundi wetu!" Gashe Demissew akasema, koti limefungwa vifungo vyote, utadhani waliachana jana. "Umenenepa, au macho yangu?"

"Macho yako, Gashe."

Wanawake wakacheka. Yeye akacheka zaidi yao.

Asnakech akapiga magoti, akachukua bisibisi, akafungua boksi. Vumbi ndani limelala kama blanketi. Akaanza mwanzo kabisa, maana alitaka kila mtu aone. Akachomeka deki kwenye televisheni ndogo: kanda ikacheza, tarumbeta zikalia, bibi harusi akaonekana kwa ubavu. Fantaye akaruka. Asnakech akaizima haraka.

"Deki nzima," akasema kwa sauti ndogo. "Waya mzima."

"Sema kwa nguvu, hatusikii huku!" akapiga kelele mmoja wa kule nyuma.

"Kasema deki nzima," mama yake akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie.

Akahamisha waya wa njano kwenye kompyuta. Akafungua programu ya kunasa video. Picha nyeusi. Chini kidogo kikatokea kijisanduku cha maneno ya kigeni, na kabla hajakisoma mkono wa Gashe ukapita juu ya bega lake, ukabonyeza, kikapotea.

"Hicho hujitokeza tu," akasema. "Hakina maana. Mimi hukifunga kila siku."

Asnakech akaichomoa kadi ya Addis, akasugua meno yake kwa kifutio, akairudisha tundu la pili. Nyeusi. Tundu la tatu. Nyeusi. Kikombe cha kwanza cha kahawa kikapita. Gashe akaanza kukohoa kikohozi cha mtu anayejiona anashinda.

"Ile ya zamani iko wapi?" Asnakech akauliza. "Ile mbovu niliyoweka mimi."

Gashe akafungua droo, akaitoa ndani ya bahasha. Aliitunza kama ushahidi. Asnakech akaitambua kabla haijatoka yote: kwenye kona kulikuwa na tone la rangi ya kucha, jekundu, aliloliweka mwenyewe mwaka ule walipoinunua, ili isije ikabadilishwa na mafundi wa mjini. Akainyanyua, wanawake waione. Halafu akaichomeka. Kompyuta ikaitambua mara moja, ikaandika jina lake kwenye orodha. Haikuwa imekufa. Haikuwahi kufa.

Lakini picha, nyeusi.

Hapo ndipo jicho lake likashuka kwenye kona ya kioo cha kompyuta, kwenye saa na tarehe.

Akaiangalia kwa muda mrefu. Damu ikampanda mpaka masikioni. Angeweza kusema palepale, kwa neno moja, yakaisha. Hakusema. Miezi kumi hailipwi kwa neno moja. Na sauti yake, alijua, isingefika hata nusu ya chumba. Ya Gashe ingefika.

"Gashe," akasema, "macho yangu yamechoka na huu mwanga. Hebu nisomee hapo. Leo tarehe ngapi?"

Gashe akavaa miwani yake, akainama. Sauti yake ni ya kusherehesha harusi, ikajaa chumba chote. "Kumi na mbili, mwezi wa tatu, elfu mbili na tano!"

"Kumbe mashine inajua kalenda yetu ya Kihabeshi?"

"Haijui kitu! Nimeifundisha mimi!" Akawageukia wanawake. "Kuna bibi harusi alinililia hapa, mwezi ule wa harusi. Eti tarehe ya ndoa yake kwenye picha imeandikwa ya Wazungu, mama mkwe kakataa kuitazama. Nikasema kwangu hilo halitatokea tena. Nikairekebisha mwenyewe kwa mkono wangu. Kila ikiachana na kalenda yetu naisogeza. Hata jana nimeisogeza siku moja."

"Ilikuwa lini hiyo ya kwanza?"

"Mkesha wa Mikaeli. Nakumbuka vizuri kabisa, maana kesho yake ndiyo..."

Mkono wake ukashika kifungo cha koti.

"Kesho yake ndiyo nini, Demissew?" Fantaye akauliza.

Asnakech akabonyeza programu upya. Kijisanduku kikatokea. Safari hii akauweka mkono wake juu ya kipanya, hakuna wa kumpita. "Hapa imeandikwa, tarehe ya kompyuta iko nyuma ya siku niliyowekwa, siwezi kunasa picha." Akameza mate. "Programu tuliiweka mwaka wao wa elfu mbili na tisa. Ukiiambia leo ni elfu mbili na tano, yenyewe inaona imebaki miaka minne izaliwe. Inafumba macho. Ungeleta kadi mia, ingefumba macho mia."

"Mwaka wao sasa hivi ni ngapi?" mama yake akauliza, ingawa anajua. Alitaka tu isemwe.

"Elfu mbili na kumi na mbili. Wametutangulia miaka saba."

Akaandika. Kioo kikapepesa, kikatoa chenga, na humo ndani ya chenga akatokea kijana mwembamba, nywele nyingi, anacheza mabega. Mabega yanatetemeka kama kuku anayejikung'uta maji, na kacheka mpaka fizi zote nje.

Fantaye akatoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo. Akatambaa juu ya majani mpaka kwenye kioo, akakishika kwa mikono miwili. Vigelegele vikapasua chumba, halafu kilio, halafu vyote pamoja. Na wote wakamwangukia Gashe Demissew! Wakambusu mabega. "Mungu akupe maisha, Gashe! Umetufufulia mtu!" Naye anapokea, anafuta macho, anasema mimi nimefanya nini jamani, mimi ni mtumishi tu.

Asnakech yuko palepale, magotini, na bisibisi yake. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mama yake.

Akanyoosha mkono, akauchomoa waya wa njano.

Nyeusi.

"Waya umechomoka!" wakapiga kelele.

"Nimeuchomoa mimi."

Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilifika, maana wote waliacha kupumua.

"Nani aliiba kadi?"

Kahawa ikachemka, ikamwagikia makaa, ikafoka. Hakuna aliyeinuka kuitoa.

"Hakuna aliyeiba," Fantaye akasema, bado kakishika kile kioo cheusi. "Nilisema, na nilisema uongo, na niliusema mahali pengi. Mungu anisamehe, na wewe Tsehay unisamehe. Sasa nirudishie mume wangu, binti. Nakuomba."

Asnakech hakumtazama yeye. Alimtazama Gashe.

Gashe akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Haya, haya. Jambo kama hili halisemwi huku watu wanalia. Lina heshima yake. Jumapili nitakuja nyumbani kwa mama yako na wazee wawili, niliseme lote kwa utaratibu wake. Hapa si mahali pake."

"Amesema vizuri," wanawake wakaitikia. "Amesema kiungwana."

Hapa si mahali pake. Na mlango ni ule ule aliosimama kumtangaza mwizi. Lakini mtu akishataja wazee, ukikataa wewe ndiye mkosaji, kwa hiyo Asnakech akaurudisha waya, na kijana mwembamba akaendelea kucheza mabega.

Wakati wanakunywa kikombe cha tatu, akafunika boksi. Kabla ya kufunika aliingiza vidole. Kwenye bodi kuna betri ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, inayoikumbusha mashine leo ni lini. Ukiitoa wakati umeme upo, hakuna kinachotokea. Mashine inaendelea kujua, mpaka siku umeme ukikatika. Na Dessie umeme unakatika.

Ikamwingia kiganjani, ya baridi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Asnakech akaiba kitu studio kwa Gashe Demissew.

Akija Jumapili, aliwaza, nitairudisha, na hatajua kamwe.

*

Jumapili mama yake alifagia tangu alfajiri, akatandaza majani, akaazima vikombe viwili. Fantaye alikuja, na wengine wanne. Gashe hakuja. Alituma salamu kwamba ana kazi. Jumatatu akasikika sokoni, kasimama na watu, anasema yule binti yeye alishamsamehe zamani.

Alishamsamehe!

Jumatano jioni umeme ukakatika mtaa mzima, ukarudi asubuhi, ukakatika tena, ukarudi.

Alhamisi, saa tatu, Asnakech alikuwa nyumbani, mama yake anapepeta kahawa. Simu ikalia mara moja. Meseji.

"Binti yangu picha imekuwa nyeusi tena, na saa inasema mwaka 2002. Naiweka 2012, umeme ukikatika inarudi. Nina harusi tatu. Njoo haraka."

Akaisoma mara mbili. Hakutabasamu. Akaandika kwa kidole gumba, akafuta, akaandika tena, fupi zaidi:

"Mama anachoma kahawa. Njoo wewe."

Akaituma. Akaiweka simu mkekani, na pembeni yake akaiweka ile betri, akawa anaizungusha kwa ncha ya kidole.

"Nini hicho?" mama yake akauliza.

"Kifungo."

"Cha nani?"

Asnakech akaendelea kuizungusha. Kahawa ya kwanza ikaiva, wakanywa. Ya pili wakanywa. Simu ilikuwa imelala palepale, kioo chake cheusi.